Herufi Mbili Pembeni mwa Rasimu

Mzee Mwadime,

Ni mimi Mghanga, wa meza ya karibu na mlango. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike kwenu kijijini Bura, na kiti chako cha karani mkuu hakijapata mtu. Mkonge unakatwa kama kawaida, na barua za Kiingereza kwa wanunuzi bado lazima ziandikwe. Hizo ndizo zilizonitia hofu.

Unajua utaratibu wa ofisi yetu: Dada Wakesho hapigi chapa rasimu yoyote mpaka aone pembeni, kwa penseli, herufi za mwanzo za jina la karani mkuu. Nilipompelekea ya kwanza baada ya mazishi aliirudisha. "Nani ameisoma?" Nikarudi mezani nikaandika D.M., kwa mwandiko wako. Akaiangalia kwa muda, akaniangalia mimi, akapiga.

Nilifanya hivyo wiki tisa, mzee. Nisamehe.

Kila nilipoziandika nilikusikia. "Koma si chumvi, Mghanga, usinyunyize." "Weka nukta, mnunuzi wa Mombasa naye apumue." Na siku ile nilipojaza ukurasa mzima kwa Kiingereza cha mahakamani: "Hii suti umeazima kwa nani? Vua!" Ulicheka mpaka ukakohoa. Ningetoa chochote nisikie kile kikohozi.

Jumatatu meneja mpya alipitia faili, akaniita.

"Huyu D.M. ni nani?"

"Karani mkuu, bwana."

"Mbona simwoni? Yuko wapi?"

"Bura, bwana."

"Mwambie aje kesho."

 Kaburini sikulia, watu walikuwa wengi. Nililia pale, mbele ya mgeni, nikijua kazi imekwenda. Dada Wakesho ndiye aliyesema kutoka mlangoni, "Hawezi kuja, bwana. Tulishamzika. Na mimi nilijua kwamba herufi anaziandika Mghanga."

 Meneja akanisogezea barua ya mnunuzi mmoja aliyelalamika, na karatasi tupu. "Mjibu. Hapa hapa."

 Niliandika sentensi saba, nikaunganisha mbili, nikafuta koma, nikafuta na lile neno "kwa unyenyekevu" ambalo ulikuwa ukiniambia halijawahi kufikisha mzigo. Akasoma mara mbili. Akanirudishia penseli.

"Sasa weka herufi zako. Na usinidanganye tena."

Ndipo nilipokuzika, mzee. Bura walichimba wengine, mimi nilitupa udongo kiganja kimoja tu. Lakini zile herufi zangu mbili nilizitia peke yangu, na nilipomaliza nikaona kwamba hutarudi.

Barua imeondoka na posta ya leo. Kazi bado ninayo. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Pumzika, baba. Nakuahidi kwamba jina lako sitaliweka tena pembeni mwa neno ambalo hukulisoma.

Wako,
Mghanga