Rangi Zilizokosekana Kwenye Nyota

Mama Asha,

Ni mimi. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke.

Jana baada ya magharibi natoka mtaa wa Gerezani na mkokoteni mtupu, nakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja. Naona watu wamejazana. Nikajua kakamatwa mwizi. Kumbe mwanao. Yeye na mwalimu wake wamesimamisha darubini, wanaonyesha watu nyota.

Jamaa mmoja anamtania: "Dada, niangalizie yangu, nitaoa lini?"

Asha akamjibu: "Ya kuoa siioni, kaka. Naweza kukwambia ile pale imeundwa na nini."

Watu hoi kwa kicheko.

Nikainama, nikachungulia. Wameweka kioo kinachochambua mwanga. Ile nyota nyeupe kali ikawa utepe. Nyekundu, kijani, buluu, laini, kama unakunjua kitenge kipya. Nikasahau foleni nyuma yangu. Miguu kama haigusi chini. Ila katikati mna vimistari vyeusi. Nikamwambia, "Mwanangu, hii ina kasoro. Mama yako angeirudisha kwa tajiri wa vitenge."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Baba, hapo ndipo penye habari. Kila kitu kule juu kinameza rangi zake. Rangi iliyokosekana ndiyo inatuambia kuna nini. Hiyo ni haidrojeni."

Nikaikumbuka meza yako. Unajua kwa nini.

Kaka yako Shabani alishasema: Asha kamaliza shule, akae kwenye meza yako ya vitenge. Chuo cha nini, atakula nyota? Na mimi moyoni nilishakubali. Tangu ututoke, nilitaka pale pawe na mwanao. Lakini wewe mteja ulikuwa unamtoa nje akione kitenge kwa jua, unasema taa ya ndani inadanganya. Mwanao ndiyo hivyo hivyo. Haamini kitu mpaka aupime mwanga wake.

Tukarudi wote, yeye kakaa juu ya mkokoteni, nasukuma. Ananiambia eti nyota nyekundu ina baridi kuliko ya buluu. Nusu sikuelewa. Taa zote za Kariakoo zilikuwa zinaelea, Mama Asha. Sikutaka tufike.

Leo asubuhi nimemwambia Shabani meza achukue yeye. Asha anaenda chuo. Shem kanuna kwa ajili ya chuo, nimemwacha anune.

Sasa nikipita mezani pale nitamkuta yeye, siyo mwanao. Itauma. Wacha iume.

Pumzika, mke wangu. Mtoto nitamfikisha.

Baba Asha