Jogoo wa Kileleshwa

Jumanne usiku

Jogoo tena! Niliwaambia Gredi ya Nane waandike insha kuhusu asubuhi nyumbani kwao, na karibu wote wameanza na jogoo kuwika. Watoto wa Kileleshwa hawa, wanaoishi kwenye maghorofa na kuonana na jogoo kwenye sahani!

Leo, tukijadili mandhari, nikamuuliza Wanza, "Kwani kwenu kuna jogoo?"

"Hakuna, mwalimu. Kuna lifti tu, na inapiga kelele usiku mzima."

"Sasa mbona hukuandika lifti?"

Akanitazama kama anayetegwa. "Nikiandika lifti, utanipea maksi?"

Nikasema ndiyo. Lakini mtihani wa mwisho sisahihishi mimi, na huyo atakayesahihisha anataka jogoo, umande na methali juu yake. Je, nikimponza mtoto wa watu? Nimesonga ugali na swali hilo, nimeoga nalo, bado…

Basi nikachukua kalamu niwaandikie mfano: asubuhi yangu mwenyewe, hapa orofa ya tatu, na jenereta ya jirani ikikohoa.

"Jogoo wa kwanza aliwika…"

Nimefuta. Nimeanza upya. Kabla sijaifikia jenereta, amewika tena.