Baba Anauliza Kama Ulibeba Sweta

Mama,

Kabla hujasikia kwa mwingine, wacha nikuambie mwenyewe. Nimevunja neno lako, lile la hospitalini. Ulinishika kwa ule mkono wenye dripu ukasema, "Amosi, baba yako usimdanganye. Hata akisahau. Mzee si mtoto." Nikasema ndiyo, Mama. Ningesema nini mbele ya mtu anayepumua vile? Nilisema ndiyo nikijua kabisa kwamba sijui ninachokubali.

Jua pia kwamba nilijaribu. Tulikuzika nyumbani Vihiga mvua ikinyesha, Baba akatupa udongo kwa mkono wake mwenyewe, akaomba dua ndefu bila kukosea neno. Watu wakasema, mbona mzee yuko sawa tu. Tukarudi Riruta, mimi na yeye, kwa sababu daktari wake yuko huku na kazi yangu iko huku. Nikaacha chumba changu, nikahamia kochi la sebuleni kwenu. Siku ya tatu asubuhi alitoka chumbani akiwa na ile kofia yake ya sufi, akachungulia jikoni, akaniuliza, "Mama Beti ameenda wapi?"

Nikamwambia ukweli, kama ulivyotaka. Alilia, Mama. Sijawahi kumwona akilia hivyo, hata kaburini hakulia hivyo. Akaniuliza, "Mlimzika bila mimi?" Nikamletea viatu vyake, bado vina matope ya Vihiga. Akavitazama kama viatu vya mtu mwingine. Ilipofika saa nne alikuwa anatafuta redio, amesahau yote. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akalia tena, na kilio hakikupungua hata kidogo. Mara ya tatu alianguka pale mlangoni. Mama Shiku, jirani yako wa mlango wa pili, ndiye alikuja tukamwinua. Yeye ndiye hukaa naye siku hizi nikiwa kazini. Alimfuta Baba uso kwa aproni, akanigeukia akaniambia, "Wewe Amosi, huyu mzee atafiwa kila asubuhi mpaka lini?"

Kwa hivyo mara ya nne Baba alipouliza, mdomo ulijisemea wenyewe: "Ameenda matanga."

Na wewe una lawama hapo, usikatae. Tangu tukiwa wadogo, ukikosekana nyumbani uko matanga. Wewe na akina mama wa kanisa, na ile sufuria ya kubebwa na watu wawili. Mtu akifa popote kutoka Kawangware hadi Uthiru, uliitwa kabla hata ya fundi wa jeneza. Baba alikuwa akilalamika kwamba alikulipia mahari yeye lakini ukaolewa na matanga. Uongo gani mwingine angeuamini haraka hivyo?

"Matanga ya nani?" akauliza.

"Ya mama mmoja wa Uthiru."

Akatingisha kichwa, akacheka. "Huyo Mama Beti na matanga ya watu!" Akaketi, akala mkate vipande vitatu na chai yote. Mimi nilikuwa nimempa mgongo nikijifanya naosha kikombe, na nitakuambia ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku yoyote tangu ulale. Ndiyo aibu yenyewe hiyo.

Beti alipojua alinipigia kutoka Mumias. "Amosi, Mama alisema nini? Si alikuambia usimdanganye?" Nikamwambia aje amwambie yeye basi, aje amwinue pale mlangoni. Akakata simu. Hatujaongea tangu Juni. Wewe ndiye ulikuwa unatupatanisha, na kwa mpango huu naona tutakaa hivi hivi.

Sasa, sikujua kwamba uongo wa aina hii una kazi. Jumamosi moja mwishoni mwa Mei mvua ilikuwa inapiga mabati, Baba akafungua kabati, akaziona gambuti zako. Akaja nazo sebuleni, ameshazipangusa. "Ameenda Uthiru na viatu gani? Huko ni matope. Mpelekee." Nilikuwa nimeketi nione mpira. Nikasema nitapeleka kesho. Akanitazama vile alivyonitazama nikiwa darasa la sita nilipovunja randa yake. Nikaamka.

Ningeenda wapi na gambuti za marehemu? Nilitembea tu. Nilishika njia hadi Adams Arcade, nikasimama chini ya paa la duka na mfuko wangu mpaka mvua ikapungua, nikarudi. Nilipofika kwenye geti la ploti nikakumbuka siwezi kuingia nazo. Nikazificha kwa Mama Shiku, na Jumatatu nikaenda nazo kazini mjini, nikazisukuma chini ya meza ya kukatia vitambaa. Unaikumbuka ile meza. Ulikuja siku moja ukamwambia bosi wangu mbele ya wateja kwamba huyu mnayemwachia mapazia hawezi kukunja hata leso.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi. Mtu hajui mwaka, hajui Rais ni nani, lakini Jumamosi anaijua, kwa sababu ndiyo siku yako ya kwenda kupikia watu. Nikimaliza kumpa chakula cha mchana, kabati linalia.

Halafu baridi ikaja. Hii ya mwaka huu ilikuwa mbaya, Mama, mawingu kutwa, jua linachungulia saa tisa na kurudi zake. Baba alivaa soksi mbili mbili. Akauliza, "Amebeba sweta?" Nikasema amebeba. Ndipo akaitoa kwenye hanga ile sweta yako ya zambarau yenye vifungo vikubwa, ile uliyobishania kule Toi mpaka muuzaji akasema, mama, chukua tu uende. Akainusa. Aliinusa kwanza, ndipo akanipa. "Amebeba gani na hii ni nini? Mpelekee. Wanawake wanapika nje."

Siku hiyo upepo wa Ngong Road ulikuwa unakata masikio. Nilipofika mbele ya wale mafundi wa vitanda, pale Baba alipofanyia kazi miaka yote, nilivua jaketi, nikaivaa. Mwanaume mzima na sweta ya zambarau. Fundi mmoja akapiga mluzi. Ilikuwa inanukia moshi na mafuta yako ya kujipaka. Niliivaa Jumamosi nyingine mbili, nikiichukua kazini Ijumaa na kuilaza kwa Mama Shiku. Ilipofika Julai haikunukia kitu tena, ilininukia mimi tu. Hapo ndipo nilijua umekwenda kabisa. Kaburini sikujua.

Akanipa miwani yako, eti utasomaje nyimbo. Akanipa leso mbili, mwavuli, Biblia, kisha magauni yako, moja moja. Jumamosi moja alichemsha chai mwenyewe, maziwa yakamwagikia jiko zima, akaitia kwenye thamosi na tangawizi unavyopenda. Niliinywa kwenye benchi pale Adams. Alikuwa ameweka chumvi mahali pa sukari. Niliinywa yote, Mama, kikombe baada ya kikombe. Sikuweza kuimwaga.

Siku ya mwavuli nilikwenda hadi mjini, nikaketi bustani ya Jeevanjee, pale ulipotupeleka Krismasi mimi na Beti tumevaa kitambaa kimoja kama mapazia. Wapigapicha bado wapo. Mhubiri mmoja alikuwa anapiga kelele karibu na benchi langu. Akaninyooshea kidole, akasema Bwana anakurudishia ulichopoteza. Nikasimama nikaondoka. Sikuwa na nguvu ya kumkasirikia.

Kuna siku moja tu ambayo sikutembea bure. Baba alikuwa ameutoa ule mwiko mkubwa, aliokuchongea mwenyewe, wenye mpini mrefu kama jembe. "Sasa huko anasongea ugali na nini?" Mwiko haufichiki kwenye mfuko. Niliubeba begani kama mpumbavu, na kwa sababu nilichoka kudanganya, nikaamua nifike huko huko ninakosema. Nikaenda Uthiru. Niliposhuka Waiyaki Way niliingia njia ya ndani, na sikwenda mbali, nikaona turubai, viti vya plastiki, moshi. Matanga, Mama. Matanga ya kweli. Mzee fulani wa hapo. Akina mama walikuwa wanahangaika na sufuria kubwa na mwiko mfupi, mmoja anageuza uso kwa mvuke. Nikampa ule wako. Hakuniuliza mimi ni nani. Akasema tu, "Mungu akubariki, huu ndio tulikuwa tunataka," akaanza kusonga. Wakaniketisha, wakanipa sahani ya ugali na kabeji. Nililia nikila. Hakuna aliyeshangaa, matangani nani atamshangaa mtu anayelia?

Mwiko niliuacha. Najua ungenigombeza kwa mambo mengine yote, lakini si kwa hilo.

Niliporudi Baba akauliza, "Umemfikishia?" Nikasema, "Nimefikisha, Baba. Wanasonga nao." Ndiyo mara ya pekee kwa miezi hii yote nimemjibu nikimtazama machoni.

Nilidhani labda siku hiyo imefungua kitu. Haikufungua. Daktari amesema haya mambo hayapandi, yanashuka tu, polepole au haraka. Baba ameanza kuniita Wekesa, jina la kakake. Juzi alivaa viatu bila kujua kufunga kamba, nikapiga magoti nikamfunga, akaniambia, "Asante, kijana. Wewe ni wa nani?" Nikamwambia mimi ni wa Mama Beti. Akasema, "Aa, basi wewe ni mtu mzuri." Wewe hajakusahau. Mimi ndiye ninasahaulika, na wewe ambaye hauko ndiye anakungoja. Nisamehe, kuna siku nimekuonea wivu.

Na jana, Jumamosi. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia kabati linafunguliwa, nikangoja. Halikufungwa. Nikaenda chumbani. Upande wako wa kabati ulikuwa mtupu, hanga tu. Alikuwa ameketi kitandani amevaa suti yake nyeusi, vifungo vimepishana, kofia mapajani.

"Nimetafuta cha kumpelekea, sijaona," akasema. "Vitu vyake vimeisha. Nipeleke mimi."

Nilimfunga vifungo upya. Nikamshika mkono, tukatoka. Mama Shiku alituona kutoka kwa kamba ya nguo, akaendelea kuanika. Tulitembea polepole hadi Naivasha Road. Nilikuwa nimekata shauri, Mama, nakuapia: tukifika barabarani nitamketisha mahali, nimwambie. Nimpeleke Vihiga, hata kama ni kuuza nini. Aone kaburi, alie, na neno lako liwe limetimia. Tulisimama pale. Akaniuliza, "Ni mbali?"

"Ni mbali, Baba."

"Na akitoka huko atapita njia hii?"

Nilifungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo yote. Alikuwa ananitazama amenyoosha shingo, amenyolewa vizuri, nilikuwa nimemnyoa asubuhi. Nikaona tu ile mara ya tatu, pale mlangoni, mdomo wake ulivyokuwa. Nikamwona ameanguka hapa katikati ya watu. Nikajua pia kwamba hata akilia hadi Vihiga, tukiwa njiani kurudi ataniuliza uko wapi.

"Atapita hii," nikasema.

Tukasimama tukikungoja. Tulisimama muda mrefu. Manyunyu yakaanza, nikamwambia turudi, tutamngoja nyumbani. Alikubali. Tulipofika mlangoni alikuwa ameshasahau tulikotoka. Akachungulia jikoni.

"Mama Beti ameenda wapi?"

"Ameenda matanga, Baba."

"Amebeba sweta?"

"Amebeba."

"Basi hasikii baridi," akasema, akaketi.

Mama, ile ahadi yako imenishinda. Nimekuandikia ili usiendelee kuitegemea. Kama kuna mahali wafu hukasirika, nikasirikie, nitavumilia. Lakini sitamwambia tena. Afe wakati wake ukifika akiamini uko Uthiru unapikia watu.

Nakupa ahadi nyingine, ndogo, hii naiweza. Kesho Jumatatu nikitoka kazini nitavitoa vitu vyako chini ya meza, gambuti, leso, miwani, vyote. Nitavirudisha kabatini kidogo kidogo akiwa amelala, sweta nitaitundika mbele. Ili Jumamosi akifungua apate kitu cha kukupelekea.

Nami nitakipeleka. Kila Jumamosi, mpaka mmoja wetu achoke.

Kwaheri, Mama. Lala salama.

Mwanao,
Amosi