Kumtunza Salma

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili jioni

Mdogo wangu Zuhura,

Pokea salamu zangu, na nyingine za huyu aliyeegemea goti langu akitaka kujua naandika nini. Mnaamkaje huko Ujiji? Kifua chako kimetulia, au bado kinakusumbua ukipuliza moto wa kuni? Shemeji amerudi kazini? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mafuta ya gari yameadimika tena, kwa hiyo natembea kwa miguu kwenda kufundisha na kurudi, na nyayo zimekuwa ngumu kama za mchukuzi. Usinicheke.

Najua unangoja jibu. Ulisema kwenye simu, kwa upole wako ule unaonitisha kuliko kelele, kwamba umepona na unamtaka mwanao. Nikakwambia tutaongea. Ningekujibu palepale ungeisikia sauti yangu ikikataa, ndiyo maana nimechagua karatasi. Anayekuletea ni jirani yangu muuza vitenge, anakuja Kigoma kununua mzigo. Mpe chai, ni mtu mwema ila anaongea sana.

Kwanza nikueleze lililotokea darasani, kwa sababu jibu langu limetoka huko.

Unaijua kazi yangu: kila jioni ya kazi niko Rohero, ghorofani juu ya duka la vitambaa, nawafundisha watu wazima Kiingereza. Wamesoma kwa Kifaransa, sasa wanataka lugha ya kufanyia biashara na Kampala na Nairobi. Naandika kitenzi kimoja ubaoni, kila mtu anatoa sentensi ya maisha yake mwenyewe, halafu wenzake wanatafuta kitenzi kingine kinachoweza kukaa mahali pake. Juzi niliandika "keep". Nilikichagua kwa sababu nilikuwa nimechoka na kinaonekana chepesi.

Kumbe kina mambo. Kwetu sisi kuku anafugwa, fedha inawekwa, amana inatunzwa, siri inafichwa, ahadi inatimizwa, na anayeendelea na safari anaendelea tu. Mwingereza yote hayo anayabeba kwa neno moja. Nikawapa na ndugu zake: "hold" ni kushika, "store" ni kuweka ghalani, "save" ni kuweka akiba, "guard" ni kulinda, na "retain" ni kubaki na kitu kisikutoke. Wakaandika wote, wakidhani tumemaliza.

Fundi Ramadhani, mwenye gereji hapa mtaani kwetu, akasema anatunza gari la mteja. Wenzake wakacheka mpaka wakashika meza, maana gari hilo analiendesha yeye kwenda harusini na msikitini, na mwenye gari alisafiri zamani. Wakaanza kubishana kama sentensi yake inataka "guard" au "retain". Yeye akajitetea kwamba analiwasha ili betri isife. Nilicheka nao vizuri tu, Zuhura, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu nilijiona nimekaa ndani ya gari lile.

Akasimama Konsolata. Huyu ni mama anayeuza ndagala kule Ruziba, hao hao dagaa wetu, ingawa yeye amezaliwa milimani. Sentensi yake ilikuwa ya ng'ombe. Alieleza kwamba baba yake alikuwa akikabidhiwa ng'ombe wa mtu mwingine amchunge. Maziwa yananywewa nyumbani kwa mchungaji, samadi inaingia shambani kwake, watoto wanampa ng'ombe jina, na akizaa, mwenye ng'ombe humwachia mchungaji ndama mmoja wa shukrani. Lakini ng'ombe hageuki kuwa wake. Nikamuuliza, na sikuwa nauliza kama mwalimu, siku mwenye ng'ombe akimtaka inakuwaje kwa watu waliokwisha kumzoea. Akanijibu taratibu:

"Unamutoa, mwalimu. Ni wa mwenyewe. Lakini apana kumupatia tu kamba mu mukono aende. Baba alikuwa anatembea naye mupaka kule, analala kule. Ngombe akikataa kunywa maji ya kule, we haurudi. Unabaki naye mupaka anakunywa."

Ramadhani akataka kujua kama mzee hakuwa anaumia.

"Alikuwa anaumia, ndio. Kwa hiyo alikuwa anatembea polepole."

Nilifunga darasa mapema siku hiyo nikasingizia kichwa.

Nimekaa na maneno yale tangu juzi. Ulipojifungua ukalazwa hospitali, nilikuja nikambeba Salma akiwa hajui hata kukaa. Wewe hukunipa wala hukuninyima, ulikuwa hujijui. Mama yetu, Mungu amrehemu, aliniambia nimtunze mpaka utakaposimama. Hakusema nibaki naye. Kamusi yangu ya Kiingereza inayaweka mambo hayo mawili ukurasa mmoja, chini ya neno moja, na mimi miaka yote hii nilikuwa nimestarehe katikati yake. Nampenda mtoto huyu, Zuhura. Nampenda mpaka nikisikia hodi ya mtu mwenye lafudhi ya Kigoma nadhani wamekuja kumchukua. Sikuzaa, unajua, na kwake yeye sijawahi kukumbuka kwamba sikuzaa.

Jibu langu ni hili: nakuletea mwanao. Ila usimtume shemeji aje kumpokea mpakani, wala usinitafutie msafiri wa kumkabidhi. Shule ikifungwa nitakuja naye mimi mwenyewe, na nitalala kwako. Usidhani nimekuja kukuchunguza unavyopika.

Nimemwambia jana wakati namsuka. Akageuza kichwa, akauliza:

"Mama, we utabaki na mi kule?"

Nikamwambia nitabaki kidogo. Akauliza kidogo ni ngapi, nikamwambia atulize kichwa nimalize nywele.

Hapendi bamia. Akikasirika anageukia Kirundi, nawe mwache amalize. Akikuita "Mama wa Ujiji" usilie mbele yake. Nilimfundisha hivyo tangu alipoanza kutamka, ili naye ajue kuna mama mwingine anayemngoja, na sasa nafurahi kwamba angalau hilo nililifanya.

Nisalimie shangazi muuza vitumbua, mwambie wa huku hawajui kuweka iliki. Nisalimie mjomba muadhini na bibi mzaa baba, ambaye najua atadai asomewe barua hii mara mbili. Shemeji mwambie namheshimu kwa kunyamaza muda wote huu, lakini atafute kitanda cha tatu, sitalala mkekani kwa umri huu.

Sijui nitakaa kwenu muda gani. Nitakaa mpaka asubuhi Salma atakapoamka akakuita wewe kabla yangu. Siku hiyo usinibembeleze niongeze hata siku moja. Nimiminie chai, ninywe, niende.

Wako,
Mwanaidi,
mama mkubwa wa Salma