Zuleha Alikuwa Sahihi, Nikamfukuza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijalizoea kosa langu. Nafundisha Kiingereza sekondari moja hapa Nachingwea, na mwezi wa sita nikifundisha darasa la kidato cha pili tulikuta neno "rouse" katika hadithi, chifu anawafanyia hivyo watu wake asubuhi ya vita, nami sikulijua, lakini badala ya kusema ngojeni niangalie kamusi nikasema kwa sauti kubwa kwamba ni kutuliza, wote wakaandika, ndipo msichana mmoja, Zuleha, akasimama akasema, "Samahani mwalimu, kwenye kamusi ya kaka yangu ni kuamsha, au kuchochea watu," darasa likacheka, nikapandwa na hasira, nikamtoa nje na kumwambia asirudi bila mzazi. Nikaenda ofisini nikafungua kamusi, binti alikuwa sahihi. Kesho yake baba yake, Mzee Jamali, akaja na baiskeli kutoka Chiola, jogoo kamfunga kwenye keria, akasema, "Mwalimu, tusamehe, huyu mtoto mdomo umemzidi," nami nikaipokea radhi yake, jogoo nikamla. Sasa mzee kaamua mtoto anayembishia mwalimu hafai kusomeshwa, Zuleha anapulizia salfa mikorosho, na mtihani ni Novemba. Nikikiri, wanafunzi wataniheshimu tena?

Mwalimu K., Nachingwea, Agosti 2003

Mwalimu K., pole, ingawa pole yangu ni ndogo. Kutojua neno si aibu, hata mimi nimelitafuta kabla ya kukujibu. Hutumika kwa aliyelala akaamshwa, na kwa watu waliokaa kimya wakachochewa wasimame. Aibu ni kuifunga ile kamusi, halafu ukapokea radhi ambayo ulipaswa kuiomba wewe. Na jogoo ukamla!

Unaniuliza habari za heshima? Darasa zima linakwenda kwenye mtihani na "kutuliza" katika madaftari yao, mwenzao yuko kwenye vumbi la salfa, wewe unawaza heshima. Acha hizo.

Jumamosi hii nenda Chiola mwenyewe. Usitume barua wala mwalimu mwenzako. Mwambie Mzee Jamali, Zuleha akisikia, kwamba wewe ndiye uliyekosea na kwamba siku ile alipokuja ulikuwa umeshajua. Akifoka, mwache afoke, unastahili kufokewa. Usiondoke mpaka akubali binti arudi shule. Jumatatu sahihisha ubaoni na umtaje aliyekuwa sahihi, kisha kila jioni mfundishe vipindi alivyovikosa, hadi Novemba.

Jina lako nimelificha, lakini kidato cha pili kizima kitakutambua, na gazeti hili linafika mpaka Chiola. Mzee Jamali asikie kwako kwanza.