Uzi Uliouacha Msituni

Mwanangu Nakijwa,

Juzi ulinipigia simu, ukaniamkia, nikaitika marahaba. Kisha ukasema kwamba wageni wako wa kamera watapanda Myamba mwezi ujao, nami niwaonyeshe kiota. Nilikuuliza kuhusu uzi. Ukasema, "Uzi gani, Baba?" Kwa ajili ya swali hilo nimeshika kalamu, maana kwenye simu ningepaza sauti, na mama yako alikuwa karibu.

Unakumbuka siku uliposhuka basi pale Same, ukaniambia umeleta flashi isiyokaa juu ya kamera? Nilidhani umeuziwa mbovu. Ukacheka hata mpiga debe akageuka. Jioni ile ulinifundisha kwa parachichi. Ulipolimulika kwa mbele lilitoka bapa, halina uhai. Uliponipa flashi niishike pembeni, umeifunika kitambaa cheupe, kila kijipele cha ganda kikaonekana.

"Umeona, Baba? Mwanga wa pembeni ndio unaochonga."

Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, na sikumbuki mimi mwenyewe kufundishwa vizuri namna ile.

Tangu hapo nikawa mshika taa wako. Tulipanda msituni asubuhi, matone ya ukungu yakituangukia, nami nimeifunga flashi kwenye ncha ya mwanzi. Jirani yetu Nanzia alitupigia kelele kutoka kwenye shamba lake la tangawizi: "Mwalimu! Hao ndege mnawapiga picha za kitambulisho? Mbona mimi changu hakijatoka?"

"Ndege hawakunji uso kama wewe, Mama!" ukamjibu. Alicheka, nasi tukacheka mpaka msituni.

Uliyemtaka ni yule ndege mdogo mwenye duara jeupe jichoni, asiyeishi kwingine ila kwenye milima yetu. Tulikubaliana kwamba mwanga uwe hafifu, ndege akishtuka tuondoke, na kiota kisiguswe. Sheria hiyo uliitamka wewe, nami nilijivunia kukuzaa.

Kisha nikashuka Kwakoa kumzika shangazi yako, nawe ukapanda peke yako. Majani yalizuia mwanga wa pembeni. Uliyavuta nyuma, ukayafunga kwa uzi wa kushonea wa mama yako, ukapiga picha, ukashuka kuwahi basi. Niliporudi kutoka msibani nilipanda, nikaukuta uzi bado umekaza. Kiota kilikuwa wazi kwa kila kunguru apitaye, na ndani hamkuwa na kitu. Chini palikuwa na bawa la kinda. Nilifungua mafundo yako, fundo baada ya fundo. Majani yakarudi mahali pake, yakafunika kiota kitupu.

Picha niliiona ukutani, Arusha, uliponialika. Ni nzuri kuliko zote ulizopiga. Siwezi kusema uongo. Makinda wamefumbua midomo, na manyoya ya mama yao yamechongwa na mwanga. Chini yake umeandika kwamba hakuna kilichoguswa. Watu walipiga makofi. Mimi nilisimama nyuma nikingoja uniambie, na nimeendelea kungoja tangu siku ile. Nilidhani unajua, na kwamba aibu ndiyo iliyokuziba mdomo. Aibu ningeisamehe. Kumbe ulikuwa umesahau tu.

Flashi yako nimeifuta vumbi, nitaikabidhi kwenye ofisi ya basi pale Same, uifuate hapo. Wageni wako waje, mama yako atawapikia makande. Msituni sitawapeleka.

Wale ndege wamerudi msimu huu, Nakijwa. Wamejenga tena. Nilipowaona, nilinyoosha mkono pembeni kana kwamba bado nimeshika ule mwanzi, nikageuka nikuulize kama mwanga unatosha. Zamani ningekuita wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Sasa sitakuambia ni wapi.

Ubaki salama huko uliko.

Baba yako