Kuku wa Kuokwa na Mtungi wa Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye, shikamoo yake iko hapa hapa pembeni ya yako, asije akasema amesahauliwa. Ni mimi, Mpiga Hodi wenu, nimekaa mezani asubuhi ya siku yangu ya mapumziko kuwajulia hali. Vidole vinaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado kila asubuhi vinakataa kukunja ngumi? Na goti la Mama je? Sisi huku wazima. Mkweo anakohoa kidogo, lakini ni kikohozi cha moshi tu, na habari za moshi huo ndizo zilizonifanya nichukue kalamu.

Pamoja na barua hii mtakuta miwani mipya ya Baba. Nimevisaga vioo vyake mwenyewe pale karakana, na nimevipima mara tatu. Mama amekusomea barua zangu miaka mingi na ninamshukuru sana, ila hii ningependa uisome kwa macho yako. Mama, nakuomba umwachie. Wewe utaisoma baadaye, ukishaona anavyokunja uso.

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika. Umesema mtakuja kututembelea, na nikihesabu zimebaki wiki mbili. Kama kawaida yako, kabla hata ya kutuuliza sisi hali, umeuliza hali ya mtungi ulionipa. U mzima? Haujapata ufa? Maji yake bado baridi? Baba, nitalijibu swali hilo. Naomba tu niende nalo taratibu, kwa sababu jibu lake lina kuku ndani.

Ilianza hivi. Mkuu wetu wa karakana amestaafu. Ni yule mama mkali niliyewahi kukusimulia, anayeweza kuuona mkwaruzo kwenye kioo akiwa bado mlangoni. Wenzangu walikuwa wanapanga kumwandalia kuku wa kuokwa wa Kihindi, yule mwekundu mwenye viungo, maana anampenda kuliko chakula kingine chochote, na kila mmoja akawa anaisifia hoteli yake. Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa. Nikasema hoteli za nini, kuku huyo mimi namwoka nyumbani kila wiki, waje kwangu Jumapili ya wiki ya pili wajionee. Baba, sikuwa nimewahi kumwoka hata siku moja. Unanijua nilivyo, nikipiga chuku huwa wa kwanza kuiamini. Watu kumi na mmoja wakakubali palepale, na mkuu mwenyewe akaniambia kwamba siku hiyo hatakunywa hata chai, ili aje na nafasi ya kutosha.

Nilipomweleza mkweo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia kwamba maji nimeshayavulia nguo, sasa niyaoge, na yeye atanishikia taulo. Nikaanza kujifunza siku hiyo hiyo. Kuku wa kwanza nilimpaka mtindi na kila kiungo ninachokijua jina, pamoja na viwili nisivyovijua, nikamtia kwenye jiko la umeme. Mtindi ukaachia maji, na kuku akatoka anaogelea. Mkweo alikula kwa adabu zote, akasema supu ni nzuri. Kuku wa pili nilimweka juu ya mkaa uani. Huyo nje alikuwa kaa tupu, na ndani alikuwa karibu kuwika.

Moshi wa yule wa pili ndio uliomleta jirani. Tumepakana naye ukuta kwa ukuta, nasi tunamwita Mpishi, kwa kuwa alioka kuku wa namna hiyo hotelini miaka thelathini. Tangu astaafu hajashika mwiko. Anakula mkate na chai, na ukimuuliza anasema moshi aliokwishaula unamtosha. Alikuja kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Nikamweleza yote, kuanzia uongo wangu mpaka supu, maana kumwambia ukweli mtu baki ni rahisi. Kazi ni kumwambia mzazi.

Mpishi alimtazama marehemu kuku wangu kwa huruma, akaanza kunifundisha. Alisema kwanza kuku achanjwe chale ndefu mpaka karibu na mfupa, la sivyo viungo vitabaki nje kama wageni waliofungiwa mlango. Halafu apakwe chumvi, limau na pilipili nyekundu, aachwe apumzike. Mtindi ni wa pili, nao ufungwe kwenye kitambaa safi na kuning'inizwa mpaka maji yote yachuruzike, ubaki mzito wa kushika kijiko kikasimama. Ndani yake tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, bizari, giligilani, iliki na mdalasini kidogo, na kuku alale humo usiku kucha. Nikamuuliza habari ya rangi nyekundu ya kwenye pakiti. Akasema rangi ya pakiti ni uongo wa mpishi mvivu, nami nikatazama pembeni, kwa kuwa siku hizo neno uongo lilikuwa linanichoma popote lilipotajwa.

Tulipofika kwenye moto akaweka chini kikombe chake cha chai. Akasema viungo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni udongo. Mkaa unamchoma kuku upande mmoja, lakini ukuta wa udongo uliopata moto unampa joto pande zote kwa pamoja, na mafuta yakidondoka kwenye makaa, moshi wake unamrudia mwenyewe. Kule hotelini alikuwa na tanuri la udongo lililozikwa ardhini. Alipokuwa akisema hivyo macho yake yalipita mlangoni, yakafika kwenye kona ya sebule yetu, yakatulia juu ya mtungi. Nami nikamwambia hapana kabla hajaniomba chochote.

Baba, hapa vua miwani, uipanguse, kisha uivae tena.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtungi wako hauna maji, na katika miaka yote tisa haujawahi kutunza maji yetu. Kila nilipokuandikia kwamba maji yake yanashinda ya friji kwa ubaridi, nilikuwa nakunywa ya friji. Mwaka wa kwanza tuliogopa usivunjike. Mwaka wa pili tukatia maua ya plastiki. Kuanzia wa tatu imekaa humo miamvuli. Mlipokuja ile mara moja, niliitoa miamvuli asubuhi, nikaujaza maji ya friji saa moja kabla hamjafika. Ukanywa vikombe viwili, ukatikisa kichwa, ukasema udongo ndio huu. Mimi nikaenda jikoni nikalia, nikasingizia vitunguu. Nimeona aibu ile kila mara ulipouliza, na kila mara nikaongeza uongo mwingine juu yake, kwa sababu najua huo ni mtungi wa mwisho mikono yako kuufinyanga kabla vidole havijakataa, na kwamba ndugu zangu wote waliutaka nawe ukanipa mimi.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya kosa. Nusu ya pili ni kwamba nimeukata.

Sikukurupuka. Siku tatu nilikataa, na Mpishi hakunisukuma. Kisha mvua ikanyesha, nikaenda kuchukua mwamvuli, nikaona kitu kinang'aa ndani. Kulikuwa na maji chini, yaliyochuruzika kwenye miamvuli ya jana yake, na mende amekufa juu yake. Nikasimama pale nikijiambia kwamba haya ndiyo maji pekee ambayo mtungi wa baba yangu umewahi kuniwekea bila kumdanganya mtu. Nililia, Baba, na safari hii sikusingizia vitunguu. Nikayamwaga, nikausafisha mtungi, nikaupiga hodi kwa kifundo cha kidole kama nilivyokuwa nikipita nikigonga kila chungu chako nikiwa mdogo mpaka ukanipa hilo jina. Ulinifundisha kwamba ulio mzima huitika na wenye ufa hukoroma. Uliitika vizuri sana. Nikajua unaweza kufanya kazi, ila hakuna aliyewahi kuupa kazi.

Niliulowesha kwanza usiku mzima ili usipasuke. Mkweo, ambaye kama mjuavyo ni fundi bomba, akaleta msumeno wake wa chuma, akaukumbatia mtungi kwa magoti na kufumba macho. Nikakata kitako chake pole pole, robo baada ya robo, kwa mshazari, vile ulivyokuwa ukikata vifuniko ili visitumbukie. Kitako kikatoka kizima, cha duara, hakina hata pengo. Tukaugeuza mtungi, shingo chini na tumbo juu, tukauweka ndani ya pipa, tukajaza mchanga pembeni, na mkweo akatoboa tundu chini ya pipa ili moto upate pumzi.

Mpishi alitaka tuwashe moto mkubwa siku hiyo hiyo, Jumapili ilikuwa imekaribia. Nikamkatalia. Nikamwambia kwamba kwa baba yangu udongo hauvamiwi: siku ya kwanza ni moto wa salamu, wa vijiti tu, siku ya pili ni moto wa mazungumzo, siku ya tatu ndipo moto wa kazi. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye tanuri akasimama ananisikiliza kama mwanagenzi. Akasema matanuri mawili yalimpasukia hotelini, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Jumapili wakaja wote kumi na mmoja, na njaa zao. Kuku walikuwa wamechomekwa kwenye nondo nyembamba, wamesimama ndani ya mtungi vichwa chini, au pale vichwa vilipokuwa. Mpishi alisema atakaa tu kwenye kiti aangalie. Dakika tano baadaye alikuwa ameninyang'anya brashi na anapaka samli mwenyewe, jasho linamtoka, anamfokea mkweo habari za mkaa. Kuku walipotoka, ngozi ilikuwa nyekundu iliyoiva, nyeusi kidogo kwenye kingo za chale, na nyama inaachia mfupa bila kuvutwa. Kulikuwa na limau na vipande vya vitunguu. Mkuu alimaliza paja, akainua mfupa kwenye mwanga kama anavyoinua kioo, akautazama huku na huku, akasema hauna dosari. Miaka minane nimesaga vioo chini yake na hajawahi kuniambia neno hilo.

Mwenzangu mmoja akasema inaonekana kweli naoka kila wiki. Nikawaambia sivyo. Nikawaeleza yote, supu, aliyekaribia kuwika, na miamvuli. Walicheka mpaka majirani wakachungulia. Nilikuwa nafanya mazoezi, Baba, kwa ajili ya barua hii, na sasa naona mazoezi hayakusaidia sana.

Wageni walipoondoka Mpishi alinawa, akaweka kiganja kwenye ukingo wa pipa, akaniuliza mnakuja lini. Alisema maisha yake yote ameishi na udongo wa moto na hajawahi kukutana na mtu aliyeufinyanga. Ana maswali mengi, na amekatazwa na daktari kula chumvi, kwa hiyo Mama asimsikilize akiomba.

Nakuomba msamaha kwa miaka tisa ya uongo. Kwa kuukata mtungi nakuomba usubiri uuone kwanza, kisha uamue. Ukikasirika una haki, ila nakusihi ukasirike ukiwa umeshiba.

Nimebakiza jambo moja. Unakumbuka kwamba kila chungu ulichomaliza ulikibonyeza kidole gumba kitakoni kikiwa bado kibichi, na ukasema hiyo ndiyo sahihi yako. Miaka tisa alama hiyo ilikuwa chini, imelalia sakafu, hakuna aliyeiona, hata mimi. Kile kitako nilichokikata ndicho kifuniko cha tanuri. Kinakaa juu kabisa, na kidole chako kinatazama angani. Alama hiyo imekuwa shimo dogo la kushikia, na kila anayekifunua lazima aweke kidole chake ndani ya chako. Jumapili, udongo ulipopoa, walipanga foleni kukifunua. Mimi nilikuwa wa kwanza, na kidole changu kimeenea.

Wasalimie majirani, na mwambie Mama aje na nguo ya kuvaa kwenye moshi. Mkweo anawasalimu huku anakohoa. Asubuhi hii, kabla sijaandika, niliupiga hodi. Umeitika.

Ni mimi binti yenu anayewapenda,

Mpiga Hodi